Mandari ya Misali kwa mashua: hesabu maji kwanza

Sina mashua, sijui kuvua, na usukani sijaushika ila kwa kuchezea. Kazi yangu ni kusomesha skuli hapa Chake Chake, Pemba. Lakini likizo ya Disemba ikikaribia simu yangu hailali: wifi zangu wa Unguja, walimu wenzangu, bibi harusi aliyeolewa juzi na bwana ambaye hajapata kuiona Pemba, wote wanataka niwapangie mandari, yaani matembezi ya kutwa na chakula, kwenye kisiwa cha Misali. Basi nimeona niyaandike yote mahali pamoja, na atakayeniuliza nimwambie asome. Nahodha anajua kuendesha chombo. Mimi najua kuwatoa watu pwani ya Wesha asubuhi na kuwarudisha jioni wameshiba, bila ya mtu kumnunia mwenzake.

Kwanza njia yenyewe, kwa wasioijua. Mji wa Chake umekaa mwisho wa hori, mkono wa bahari ulioingia nchini, na hori hiyo inajipinda kwenye mikoko kwenda magharibi mpaka inakuwa ghuba. Siku hizi hatupandii chini ya mji, huko juu tope limejaa. Tunakwenda kwa gari mpaka Wesha. Ukitoka Wesha, mkono wako wa kulia unafuatana na rasi ndefu nyembamba mpaka kwenye ncha yake, Ras Mkumbuu, penye magofu. Ukiipita ncha hiyo umetoka ghubani, na Misali iko mbele yako, miti juu na mchanga mweupe chini. Nyuma ya Misali ni Mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, na ng'ambo yake ni bara. Mandari yetu haifiki huko.

Siku inachaguliwa na mwezi

Watu huanza kwa kuniuliza, "Jumamosi au Jumapili?" Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni mwezi umeandama lini.

Kwetu huku, siku ya mwezi mosi na ya mwezi 15, yaani tarehe za mwezi wa Kiislamu, maji hujaa kwenye saa 10 na nusu hivi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kwenye saa 4 na nusu, asubuhi na usiku. Hilo ndilo bamvua, na siku moja mbili baadaye ndipo linapokuwa kubwa khasa, tofauti ya kujaa na kukupwa ikakaribia mita 4. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Ukishika mambo hayo mawili, hutaki programu ya simu. Unataka kalenda ya Kiislamu ya ukutani na vidole vya kuhesabia. Kalenda na mwandamo vikipishana siku, fuata mwandamo. Bahari haina kalenda ukutani.

Sasa hesabu. Mwezi mosi saa 10 na nusu alfajiri. Mwezi pili saa 11 na dakika 20. Mwezi tatu saa 12 na dakika 10. Mwezi nne saa 1 asubuhi. Hiyo ndiyo siku yako. Siku ya mwezi 4 au 5, na tena mwezi 18 au 19, maji yanajaa baina ya saa 1 na saa 2 asubuhi, yanakupwa baina ya saa 7 na saa 8 mchana, na magharibi yanajaa tena. Unatoka Wesha maji yakiwa mengi, yanaanza kupwa na kukutoa nje ya ghuba. Unafika Misali, watoto wanacheza kwenye vidimbwi maji yakiwa madogo. Kisha alasiri maji yanaingia horini nawe unaingia nayo.

Kwa nini nang'ang'ania kurudi na maji yanayojaa? Kwa sababu ya upepo. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kusi inavuma kutoka kusini mashariki. Pepo zote mbili zina umashariki ndani yake, na Misali iko magharibi yetu. Mwaka mzima, kwenda ni raha na kurudi ndiyo shughuli. Asubuhi nahodha analegeza demani, kamba ya tanga, tanga linajaa, watu wanapiga makofi na kuimba. Jioni anapiga bishi, huku mara hii na kule mara ile, na kila ukitazama mnazi ule ule bado uko pale pale. Wenye mashine wasidhani wamesalimika: mashine ikipigana na upepo na maji yanayotoka, inakunywa petroli kupita kiasi na kila wimbi linawarukia waliokaa mbele. Yakiwa yanaingia, maji yanakusukuma bure.

Siku mbaya ni mwezi 8 mpaka 13 na wenzake, mwezi 22 mpaka 27. Hapo mwanzo ni maji mafu, hayakauki sana, lakini yanajaa mchana na kutoka jioni, kwa hiyo unaporudi upepo na mkondo vyote viko usoni. Ikifika mwezi 11 na kuendelea, hata asubuhi unatokea kwenye tope, akina bibi wamebeba masinia kichwani na kanga zimefika magotini. Bamvua lenyewe, mwezi 1 au 15, linafaa kwa watu wanaoweza kuwa pwani saa 12 asubuhi, maji yakiwa bado yapo. Mimi sijaona familia ya watu wengi iliyoweza. Daima kuna mmoja bado anapaka wanja.

Ikiwa siku nzuri ya maji imeangukia Jumanne, basi ombeni ruhusa Jumanne. Ndiyo maana nimesema Jumamosi ni swali la mwisho.

Majira ya mwaka

Kuanzia Oktoba mpaka Februari ndiyo miezi ya mandari, ukiacha siku ambazo vuli imeshikilia. Novemba, baina ya kusi na kaskazi, upepo ni wa maleleji, hauna mwelekeo wala nguvu, na maji huwa meupe unaona mpaka chini. Disemba na Januari kaskazi imeshika, lakini asubuhi mara nyingi ni pole. Masika, mwisho wa Machi mpaka Mei, kaa nyumbani. Juni mpaka Agosti kusi inavuma kwa nguvu; wavuvi wanakwenda kwa sababu ni riziki yao, wewe unayekwenda kula biriani huna sababu hiyo.

Usiku wa kuamkia safari sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanataja upepo na urefu wa mawimbi, na wanatoa tahadhari bahari ikiwa chafu. Halafu asubuhi msikilize nahodha, na neno lake ndilo la mwisho. Nahodha ninayemtegemea ni mzee wa pale pale Wesha. Siku moja tulifika na vyombo vyetu vyote, jua linawaka, ghuba imelala, na mzee amekaa juu ya dumu anakunywa kahawa.

"Mwalimu, leo hatwendi."

"Kulikoni, baba? Mbona kumetulia?"

Akanyoosha kidevu kuelekea nje ya ras. "Patazame pale kwa muda kidogo. Usitazame hapa."

Nikatazama. Kwa mbali, penye mwisho wa ras, palikuwa na weupe unaojitokeza na kufutika, unajitokeza na kufutika.

"Humu rasi inatukinga," akasema. "Akitoka nje mtu, hana wa kumkinga."

Tulitandika mikeka palepale na kula. Pweza ni yule yule.

Chombo

Ngalawa ni tamu kuliko vyombo vyote, kwa watu wawili watatu wanaojua kuogelea na wasiojali kurowa. Ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, na mirengu yake ya pembeni ndiyo inayoizuia isipinduke. Bibi harusi na bwana harusi wapande ngalawa. Familia ichukue mashua ya mbao, yenye tanga na mashine pamoja. Boti ya faiba ni ya haraka, inafaa kwa mwenye haraka. Mimi sijaelewa mtu anakwendaje mandari na haraka.

Mashua yenye mashine lakini haina tanga wala makasia siipandi. Mashine ni chuma, na chuma huharibika. Kabla hujaafikiana bei, omba iwashwe ukiwa umesimama hapo. Uliza kama ipo plagi ya akiba, na uone dumu la petroli kwa macho, usione kwa maneno. Kisha inua ubao wa chini utazame ngama, maji yanayokusanyika ndani ya chombo. Kila chombo cha mbao kinavuja kidogo, usishtuke kuona maji. Shtuka yakiwa ni mengi na chombo kimelala hapo hapo hakijakwenda popote. Tazama maungio ya mbao ubavuni: kalafati mpya, pamba imeshindiliwa vizuri, na mbao zinanuka sifa, hiyo harufu ya mafuta ya papa inayokera wageni, basi mwenyewe anakitunza chombo chake. Kopo la kufulia ngama liwepo, na awepo baharia wa kulishika, asiwe nahodha peke yake.

Idadi ya watu hapana mjadala. Sisi watu wa Pemba hatuhitaji kuambiwa na mtu. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja kwetu, imepakia watu kupita kiasi, na hakuna mtaa hapa usiokuwa na nyumba iliyoguswa. Kwa hiyo muulize nahodha anachukua wangapi kabla hujamwambia mko wangapi. Ukianza kumwambia idadi yenu, atakubali. Akitaja namba yake, punguza kidogo kwa ajili ya vyungu na masinia, kwani navyo vina uzito. Ndugu wakizidi, kodi vyombo viwili. Yule shemeji atakayesema "mimi nitajibana tu" mwambie ajibane kwenye chombo cha pili.

Kila mtu awe na jaketi la kujiokolea, na la mtoto liwe la mtoto. Jaketi la mtu mzima likivishwa mtoto, akianguka majini linapanda juu naye anabaki chini. Lifungwe kabla ya kung'oa nanga, na wanawake walivae juu ya kanga, si chini ya buibui. Halafu andika majina ya wote, mwachie mtu wa nchi kavu pamoja na namba ya nahodha na saa mliyoahidi kurudi. Mkichelewa, ajue wa kumpigia. KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, ndio wenye boti za uokozi. Simu zenu zitieni kwenye mifuko ya nailoni, na msitegemee mtandao kila mahali.

Bei siandiki, inapanda na kushuka pamoja na petroli. Lakini afikianeni kwa safari nzima, si kwa kichwa, na mtaje kwa maneno kwamba petroli imo, kusubiri kutwa kumo, na kupitia Ras Mkumbuu kumo. Ada ya kuingia kisiwani hulipwa mbali na bei hiyo. Uliza mapema kila mmoja atoe yake, ili usijikute wewe ndiye unayewalipia watu mchangani. Toa kianzio cha petroli, kilichobaki mkirudi.

Kupanda na kukaa

Mashua haifungwi gatini kama meli. Imetia nanga kidogo nje, na watu wanaingia majini mpaka magotini. Vizito vinatangulia: maji, vyungu, mikeka, vyote katikati na chini kabisa. Kisha wazee, halafu watoto wakipokewa mkono kwa mkono, mwisho vijana. Wazee wakae nyuma karibu na tezi, huko chombo hakirushi sana. Mwenye kulewa bahari naye akae huko huko, atazame nchi kavu asitazame simu, na atafune tangawizi mbichi. Akitaka kutapika, atapike upande upepo unakokwenda. Nimesema.

Omo, yaani mbele ya chombo, ni ya baharia. Vijana wanapapenda kwa ajili ya picha, lakini baharia anahitaji kuona mafungu na nahodha anahitaji kumwona baharia. Mkipiga bishi, foromali, ule mti unaoshika tanga, inahamishwa upande wa pili wa mlingoti, na kamba na tanga zima vinapita juu ya vichwa. Hapo kila mtu ainame, atulie, asishike kamba yoyote hata ikimpita mkononi. Ukishika kamba usiyoijua unaweza kuwa umemzuia nahodha asiweze kulegeza tanga.

Mavazi: dera pana halifai, linanasa kila mahali na likirowa linakuwa na uzito wa mtu wa pili. Suruali nyepesi ndani, kanga mbili juu, mtandio wa kufungwa si wa kutupia. Champali za mpira zinazobana mguu, kwa sababu ya miamba na wale wanyama weusi wa baharini wenye miba mirefu. Nguo kavu ya kurudia, kwenye mfuko uliofungwa.

Chakula kipikwe nyumbani. Nimewahi kuona watu wamebeba jiko la mkaa, kuni na mchele mbichi, na mandari yao yote ikawa ni kupuliza moto. Wali au biriani iingie kwenye chungu chenye mfuniko unaobana, ufungwe kwa kitambaa na kamba. Pweza wa nazi anastahimili safari, samaki wa kupaka pia, mkate wa kumimina ndio usiseme. Mchuzi mwepesi usije nao, utaishia ngamani. Halua ya Wete kwa kahawa ya jioni. Maji ya kunywa ndiyo muhimu kuliko vyote hivyo, maana Misali huna pa kuteka: lita 3 kwa kila mtu, na dumu moja la ziada ambalo wewe peke yako unajua liko wapi.

Ras Mkumbuu, haraka maji hayajatoka

Mkitoka Wesha baada tu ya maji kujaa, mnafika Ras Mkumbuu bado mnaweza kusogea pwani. Mkichelewa, mashua inabaki mbali na mtatembea kwenye matope, na hapo nawashauri mpite moja kwa moja.

Kuna magofu ya msikiti mkubwa wa Ijumaa, kibla chake bado kinaonekana, na makaburi ya nguzo ya karne ya 14. Msafiri al-Masudi, aliyefika pwani hizi mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kuhusu kisiwa cha Qanbalu chenye Waislamu, na wataalamu wengi wanaona Qanbalu ni Pemba. Ras Mkumbuu ni moja katika sehemu zinazotajwa. Ninaposomesha darasa nasema hivyo na kuishia hapo, ingawa moyoni nimeshaamua. Kaa kwenye gofu lile utazame maji pande zote mbili za rasi, utaelewa kwa nini mtu wa jahazi angetia nanga hapa: kinga ya upepo huku, kinga kule, na hori nyuma yake ya kuingilia ndani ya kisiwa.

Msipande juu ya kuta wala makaburi. Mawe ni ya matumbawe na chokaa, yanamomonyoka hata kwa mkono wa mtoto. Nusu saa inatosha, nahodha ameshaanza kutazama maji.

Misali

Kwa upepo mzuri haichukui muda kutoka ras. Mkifika, kwanza jiandikisheni kwa walinzi na mlipe ada. Misali ni hifadhi tangu 1998, na sasa imo ndani ya hifadhi ya Mkondo wa Pemba iliyotangazwa 2005. Wavuvi wana haki zao huko, wanapiga dago, yaani kambi ya uvuvi, na kuvua, lakini kuna sehemu ya mwamba haivuliwi kabisa, na walinzi watakuonyesheni ni ipi. Nililopenda katika hifadhi hii ni kwamba wavuvi hawakuelezwa kwa sheria za serikali peke yake. Walielezwa pia kwa aya na hadithi, kwamba mwanadamu ni mwenye kukabidhiwa na bahari ni amana. Kwa watu wetu maneno hayo yana uzito kuliko faini.

Wazee wana kisa chao cha kisiwa. Nabii Khidhr alifika kwa wavuvi akataka msala wa kusalia, wakawa hawana. Akasema kisiwa kile kitakuwa msala wake, kwani kimeelekea kibla. Na kwetu Pemba kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo adhuhuri ikifika hamna haja ya kubishana: jueni kaskazini ni wapi, tandikeni mkeka. Wageni wao wana kisa cha Kapteni Kidd na hazina aliyoifukia. Watoto wakisikia hicho watachimba mpaka jioni, nacho kina manufaa yake.

Kuogelea, ogeleeni walipo watu. Mwamba wa Misali unakatika ghafla, hatua chache umesimama na hatua moja zaidi hakuna chini, na hapo mkondo unapita. Asiyejua kuogelea abaki penye mchanga na jaketi lake. Mkiingia majini burutani miguu, msikanyage kwa kuinua, maana taa, yule samaki bapa, hujifukia mchangani na ukimkanyaga atakupiga kwa mwiba wa mkia. Akisikia mguu unaburuta anaondoka mwenyewe. Msisimame juu ya matumbawe. Kasa na ng'amba hutaga kwenye fukwe za huko, kwa hiyo mkiona mahali pamewekewa alama, mikeka itandikwe mbali, na vigingi vya kivuli msivipige hapo. Chaza, kombe, nyota ya bahari, vyote vibaki. Taka zenu mnarudi nazo. Mimi huja na gunia tupu na kumpa kijana mmoja liwe dhamana yake, tena namchagua yule mwenye maneno mengi.

Juu mitini mkisikia kelele kama ya sokoni ni popo wa Pemba, wakubwa, wenye manyoya ya rangi ya kutu. Msiwarushie mawe.

Kurudi

Saa 9 alasiri vyombo vya chakula vianze kufungwa, saa 9 na nusu watu wawe wamekaa. Hapa ndipo mandari nyingi zinapoharibika, kwa sababu kila mtu anataka kuingia majini mara moja ya mwisho. Mimi hutangaza kuwa tunaondoka saa 9. Sasa nimeshaiandika, itabidi nitafute hila nyingine.

Mkiingia ghubani, kaa karibu na nahodha umwone anavyofanya kazi, ni darasa. Tanga linapunguzwa. Baharia anasimama omo na pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, anaichoma chini, anaitazama ilivyorowa, anasema neno moja. Nahodha hatazami pondo, anatazama mikoko. Mizizi ina chaza walioshikana, na juu ya chaza kuna mstari ambapo mti unageuka rangi. Chaza wakionekana wote, wamekauka, maji bado madogo, inabidi kushika mkondo wa katikati na kusubiri. Chaza wakiwa wamefunikwa nusu, anaweza kukata kona juu ya fungu. Wakiwa hawaonekani kabisa, anakwenda anapotaka. Ukishaujua mstari huo, siku nyingine utauona hata kutoka dirishani mwa gari, na utajua kama inafaa kushuka.

Kwa wanaoogopa bahari ya nje, au wenye mtoto mchanga, hii horini peke yake ni mandari ya kutosha. Na hapa siku inageuka: chagua mwezi 1, 2, 15 au 16, maji yanapojaa alasiri. Salini alasiri, shukeni, chukueni mtumbwi au ngalawa bila mashine, mwendo wa pondo na kafi, ingieni kwenye mikoko maji yakiwa yamefika majani. Mbele kabisa panapopigwa na bahari ni mililana. Mikoko yenyewe ile yenye mizizi ya kupinda kama miguu ya kaa iko ndani zaidi kwenye tope. Nyuma yake mikandaa, midogo midogo. Na karibu na nchi kavu mchu, unaotoa mizizi yake juu ya udongo kama misumari. Mtoto akionyeshwa kwa mpangilio huo hasahau. Kaeni kimya kidogo mtamsikia kaa anagonga. Lakini geuzeni mara tu maji yanapoanza kutoka. Bamvua likishaanza kukimbia halina subira, na kukwama kwenye tope la horini wakati wa magharibi, kwa mbu walioko, sikutakii.

Mkifika Wesha, wazee na watoto washuke kwanza, vyungu mwisho. Mlipe nahodha palepale pwani, kabla hujaanza kutafuta gari, na baharia mpe chake mkononi mwake mwenyewe. Chakula kilichobaki kiwe chao, kikiwa kwenye chombo safi si mabaki ya sahani. Masinia ya kukodi yasuzwe kwa maji baridi usiku ule ule, chumvi ikilala juu yake mwenye nayo atakutoza. Halafu mwulize nahodha, kabla hujaondoka, bamvua lijalo anasafiri au yupo, kwa sababu wiki haitapita kabla hujapigiwa simu na ndugu waliokosa.